7-Zip badala ya WinRAR: kuna unachopoteza?

Haya wadau, karibuni. Leo naongelea kitu ambacho karibu kila laptopu ninayoishika nakikuta, WinRAR, programu ya kubana mafaili yawe madogo na kuyafungua, na ile meseji yake ya kukukumbusha ununue leseni. Ni programu ya kulipia ile, wanakupa siku 40 za kujaribu, zikiisha haifungi, inaendelea kupiga kazi ila meseji nayo haiishi, sasa watu wakichoka wanaenda kutafuta kraki, yaani programu ya kukwepa leseni, na hapo ndo napokasirika kabisa, maana unachukua faili la mtu usiyemjua, unaambiwa uzime antivairasi kwanza, na unazima kweli! Kwenye kompyuta hiyohiyo yenye vyeti vyako na picha za watoto.

Mimi natumia 7-Zip. Kaiandika Mrusi anaitwa Igor Pavlov, ipo tangu 1999, kodi yake (yale maandishi ya programu) iko wazi kwa yeyote kuiona na ni bure hata ukiitumia ofisini. Faili la kuinstolia halifiki MB 2, bando lako halitaumia. Ila daunlodi 7-zip.org tu, sio popote pengine.

Ukishaiweka, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi utaiona, na kwenye Windows 11 usipoiona bonyeza kwanza "Show more options". Ukibana unachagua 7z au zip. 7z mara nyingi inatoa faili dogo zaidi, hiyo tunza vitu vyako mwenyewe, lakini kama unamtumia mtu mwingine mpe zip, simu na kompyuta karibu zote zinaifungua bila kuinstoli kitu. Na jamani, msitegemee video ya harusi ipungue, MP4 na JPG zimeshabanwa tayari, utaona tofauti kwenye maandishi, kodi, databesi, vitu kama hivyo.

Paswedi sasa, hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye 7z unapata AES-256, ulinzi imara wa kuficha data, na kuna kiboksi cha kuficha hata majina ya mafaili, kitiki, kwa sababu jina kama "mishahara" peke yake limeshasema kila kitu. Kwenye zip majina yanaonekana tu, halafu 7-Zip yenyewe inakuwekea ZipCrypto, ulinzi wa zamani ambao ni dhaifu, badilisha uweke AES-256 kabla hujabonyeza OK.

Unachopoteza je? 7-Zip inafungua RAR, aina ya faili ya WinRAR, ila haitengenezi, masharti ya leseni ya RAR hayaruhusu. Na WinRAR ina ile rekodi ya kurekebisha, yaani faili likiharibika kidogo kwenye flashi mbovu unaweza kulinusuru, 7z haina hiyo, na kwangu ndo sababu pekee ya maana ya mtu kulipia WinRAR. Kama tatizo lako ni muonekano, maana 7-Zip kwa sura imezeeka kweli, chukua PeaZip, nayo ni bure na kodi iko wazi.

La mwisho, apdeti. 7-Zip haijiapdeti yenyewe. WinRAR ilikutwa na tundu baya la usalama 2023, wahalifu wakalitumia kuwapiga watu wa foreksi na hisa, lakini 7-Zip nayo ilikuwa na lake lililozibwa kwenye toleo la 24.09. Kwa hiyo fungua Help, angalia namba, kama yako iko chini ya ile iliyopo 7-zip.org daunlodi mpya leo leo.