Huduma ya uokoaji niliyoishuhudia Kariakoo, Novemba 2024

Huwa naandika kuhusu maduka ya jumla na mafundi. Leo naandika kuhusu huduma isiyokuwa na risiti.

Nauza vitenge hapa Kariakoo, Dar es Salaam, mtaa wa pili kutoka makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, mnamo saa tatu asubuhi, nilikuwa nampimia mteja doti moja, lile jengo la ghorofa nne la pale makutanoni lilipoporomoka. Vumbi lilitufikia kabla hatujajua ni nini.

Waliotangulia hawakuwa na sare. Wabeba mizigo, machinga na vijana wa madukani walivamia kifusi kwa nyundo na mikono mitupu. Sifa yao wasinyang'anywe. Kisha wakaja Zimamoto na Uokoaji, wanajeshi, Msalaba Mwekundu.

Nilidhani katapila lingemaliza kazi. Kumbe kule kwenye sehemu ya jengo iliyo chini ya ardhi kulikuwa na watu hai, wengine wakiongea na ndugu zao kwa simu, na ukivuta zege kwa pupa unamwangushia yule yule uliyemfuata. Kwa hiyo wanakata nondo moja, wanaegemeza, wanasikiliza. Injini zinazimwa. Kariakoo, jamani, ikanyamaza.

Askari mmoja wa Zimamoto alilala kifudifudi, kichwa na mabega ndani ya tundu lenye upana wa beseni la kufulia, mwenzake kamshika miguu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia: “Dada, usilale. Niitikie. Nipo, siondoki.” Kimya. “Dada?” Kisha akainua kidole gumba nyuma ya mgongo wake ili sisi tuone. Walikuwa wakiwapitishia waliokwama maji, glukosi na oksijeni. Alipojitoa, nyusi zilikuwa nyeupe kwa saruji. Akasukutua, akanywa mafunda mawili, akarudi tunduni. Zege juu yake lilikuwa bado halijatulia, na yeye alijua kuliko sisi wote.

Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 walifariki, wamo tuliokuwa tukisalimiana nao kila asubuhi. Mungu awarehemu.

Kasoro nilizoziona ni zetu. Mizigo imejaa barabarani hadi magari ya uokoaji yanaomba njia. Watu wameinua simu kupiga video, wanazungumza wakati wenzao wanatafuta sauti chini ya kifusi. Na kuna hili la majengo: nilipopanga zamani, mwenye nyumba alichimba stoo karibu na nguzo sisi tukiwa juu tunauza. Nililalamika, nikaambiwa kama naogopa nihame. Nikahama. Wanaoingia tunduni wanalipia pupa ya watu kama huyo.

Waokoaji nawapa nyota tano bila kusita, na natamani wapewe vifaa vya kutosha, maana moyo wanao.

Namba ya Zimamoto ni 114. Taja mtaa, jengo, na waliomo ndani ni wangapi. Siku ile swali hilo la idadi liliulizwa tena na tena, na kila mtu alijibu lake. Tangu hapo nimeiandika 114 kwa kalamu nene kwenye mlango wa duka, na chini yake kila asubuhi naandika kwa chaki tupo wangapi. Leo tupo wanne.