Fundi nozo wa Kizota na injini ya boti yangu ya Mtera

Ukisema unaishi Dodoma na una boti, watu wanadhani unatania. Mimi ninayo. Ipo Bwawa la Mtera, kilomita zaidi ya mia kusini mwa mji kwa barabara ya Iringa, inazungukia kambi za wavuvi ikipeleka barafu na kurudi na perege na kambale. Haina injini ya kuning'inia nyuma kama nyingi za pale. Ina dizeli ya silinda 2 iliyofungwa ndani, na shafti inapita chini ya sakafu hadi kwenye propela. Mimi ni mtu wa Kigoma, injini za namna hiyo nimekua nazo, na kwa kubeba mzigo sioni mbadala. Kasoro yake ni moja: ikianza visa, fundi pikipiki wa pale ufukweni hakufai kitu.

Visa vilianza mwishoni mwa kiangazi. Asubuhi inawaka vizuri, sailensa imetulia, halafu katikati ya maji inaanza kumisi, inatetemeka hadi ndoo zinacheza, moshi mweupe, nguvu kwisha. Ukiizima ikapumzika, inawaka tena kana kwamba si yenyewe. Mpwa wangu, ambaye ndiye nahodha, akanipigia: "Shangazi, hii injini ina jini." Fundi wa kwanza, simtaji, aliusikiliza mlio kwenye simu tu akahukumu kuwa pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli hadi kwenye nozo zinazoipuliza ndani ya silinda, imekufa, nitafute nyingine. Kwa bei aliyonitajia ningerudi na madume mawili kutoka mnada wa Msalato.

Ndipo nikaelekezwa kwenye karakana hii ya pampu na nozo, Kizota, hapa Dodoma. Wateja wao ni malori, matrekta na mashine za kusaga. Nilipotaja boti vijana walicheka. Fundi mkuu, mzee wa Kigogo mwenye miwani ya kamba, hakucheka. Aliuliza: inaanza baada ya muda gani? Ikiwa na mzigo au tupu? Dizeli mnainunua wapi, mnaibebea nini? Ikisumbua, tangi limejaa au liko nusu? Hilo la mwisho lilinistua, maana kweli ilizidi tangi likiwa chini. Kuhusu moshi alinieleza hivi: ungekuwa mweusi angewaza injini imezidiwa au imekosa hewa ya kutosha, wa bluu ni oili inaungua, mweupe wakati injini imeshapata moto, ama dizeli inatoka bila kuungua, ama kuna maji. "Pampu, mama, tuilaumu mwisho," akasema. Kwa mtu anayekula kwa kutengeneza pampu, kauli hiyo ilinitosha.

Akaja Mtera na kijana wake mmoja. Jambo la kwanza alilofanya ndilo linalonifanya niandike haya yote: hakufungua kitu kwenye injini. Aliweka dumu la dizeli safi juu ya sakafu, akachomoa bomba la tangi, akaunganisha injini na dumu kwa hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, akatoa hewa, tukaondoka. Tulizunguka hadi tukachoka na haikumisi vile. Basi ugonjwa ulikuwa kabla ya hapo, kati ya tangi na filta, na pampu ya mamilioni haikuhusika.

Aliporudisha bomba la tangi akaacha kipande cha ile hosi katikati, mapovu yakaonekana yanapita. Bomba la tangi lilikuwa limepasuka chini ya klempu. Hapavuji tone, ndiyo maana hakuna aliyepashuku: upande ule pampu inavuta, kwa hiyo hewa inaingia, dizeli haitoki. Na tangi likishuka pampu inavuta kwa shida zaidi, hewa inaongezeka. Kisha akafungua kizibo cha chini cha filta akakinga kwenye chupa ya glasi. Baada ya kutulia, maji chini, dizeli juu, mpaka kati yao unauona. Mpwa wangu na madumu yake yasiyo na vifuniko hakusema neno.

Baada ya hapo injini ilibaki na kijitetemeko. Akalegeza nati ya bomba la nozo ya kwanza, mlio ukabadilika, akaikaza. Ya pili akalegeza, mlio ukabaki karibu vilevile. Silinda hiyo ilikuwa abiria, haichangii nguvu. Nozo zote mbili zikaenda Kizota kwenye mashine ya kupimia, na nikaonyeshwa kwa macho yangu: moja inapiga ukungu, nyingine inadondosha. Alinikataza kusogeza kidole, kwamba dizeli ya presha ile inatoboa ngozi. Ncha mpya na washa mpya za shaba, shilingi 45,000. Kupima nozo mbili, 20,000. Bei ya haki kabisa.

Kilichobaki hakikuwa chake na alikiri. Injini ilitulia ikiwa huru, ila ukiingiza gia inatikisika. Mtera ni bwawa la umeme, maji yanapanda na kushuka: likijaa huwa mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Maji yakishuka, miti iliyokufia humo inabaki vichwa karibu na uso wa maji, na sisi kisiki kimoja tulishakigonga. "Mimi ni wa nozo," alisema, lakini alilegeza maungio ya shafti akapitisha vibati vya kupimia uwazi pande nne. Kwa maungio yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti ya uwazi isizidi milimita 0.1. Yetu ilizidi mbali, na bolti moja ya raba za kukalia injini ilikuwa inazunguka kwa mkono. Akasisitiza kupanga kufanyike boti ikiwa majini, kwani ikiwa nchi kavu umbo lake hubadilika kidogo na kipimo kinakudanganya. Kazi hiyo aliimaliza fundi mwingine wa Migoli.

Nawapa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu nauli na chakula cha kijana havikutajwa hadi siku ya malipo, na risiti niliipata baada ya kuisimamia. Simu yao pia ni ya kubahatisha. Ni afadhali uende.

Ukiwa na dizeli yoyote inayomisi, iwe ya boti, ya pampu ya bustani au ya kinu, wapelekee na dizeli kidogo kutoka chini ya tangi lako kwenye chupa inayoonyesha ndani, wataanzia hapo. Nozo zifunge ncha kwa nailoni safi, usizitupe kwenye kiroba na spana. Jumamosi fika kabla ya saa 6 mchana, mashine ya kupimia wanaizima mapema. Jumapili hawapo.