Nintedanib baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Baba yangu ana ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, na kwa mwaka mmoja sasa anameza kapsuli ya nintedanib ya miligramu 150 asubuhi na nyingine jioni. Ninaandika kama mtu anayemuuguza, si kama daktari.

Tulipoambiwa kwamba seli za kinga zinahusika, tulishangaa kwa nini hakuandikiwa dawa za kutuliza kinga. Zinahusika kweli: monositi, aina ya seli nyeupe, hutoka kwenye damu, huingia katika mapafu yaliyojeruhiwa na kugeuka kuwa makrofaji, seli kubwa za kinga, ambazo huendelea kutoa protini za kuashiria ziitwazo TGF-beta na PDGF hata pale kidonda kilipopaswa kuwa kimepona, nazo faibroblasti, seli zinazojenga kovu, zikizipokea hutandaza kolajeni, protini ngumu ya kovu, mpaka kuta za vifuko vya hewa zinanenepa na kukakamaa. Lakini kuikandamiza kinga yote kulileta madhara: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa waliopewa prednisone na azathioprine, ambazo ni dawa za kutuliza kinga, pamoja na N-acetylcysteine walifariki na kulazwa hospitalini zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Nintedanib huziba vipokezi vya PDGF na vya ishara nyingine mbili za ukuaji, FGF na VEGF. Mpiga mbiu, yaani makrofaji, anaachwa apige mbiu yake; anayezibwa masikio ni fundi, yaani faibroblasti, tena si yote, kwa kuwa TGF-beta ina kipokezi chake. Ndiyo maana dawa hii hupunguza kasi ya ugonjwa bila kuondoa kovu lililokwisha kujengeka. Katika jaribio la INPULSIS-1, lililodumu wiki 52, uwezo wa kuvuta pumzi ulipungua kwa takriban mililita 115 kwa waliotumia dawa, na 240 kwa wasioitumia.

Kero kubwa ni kuharisha, ambako huwapata takriban watumiaji 6 kati ya 10. Muuza dawa hakutueleza kwamba kapsuli humezwa pamoja na chakula, na wiki ya kwanza baba aliimeza alfajiri, tumbo tupu, akashinda chooni. Alipoanza kuimeza katikati ya mlo, akiwa na loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, karibu, hali ilitulia. Vipimo vya ini navyo havikwepeki.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Kikohozi kikavu bado anacho, ila ngazi za nyumbani, zilizokuwa zikimlazimu kupumzika mara mbili mwaka jana, leo bado anapumzika mara mbili zile zile.