Beaujolais: Kabla ya Bei, Papasa Kizibo

"Dada, ile Beaujolais uliyotusifia ni kama jamu iliyotiwa siki." Malalamiko ya namna hii kuhusu divai hii nyekundu ya Ufaransa yananifikia tangu Krismasi, mengi kutoka Dar na Mombasa. Kila aliyenitumia picha ya lebo nilimwomba apige nyingine, ya shingo ya chupa. Hapo ndipo jibu lilipokuwa: kizibo kimepanda hadi kikaitunisha foili, na chini yake kuna utandu mwekundu unaonata. Divai hiyo imepikwa na joto, iwe ndani ya kontena au dukani kwenyewe.

Kwa hiyo leo sisemi habari za harufu wala zile medali za dhahabu za kubandikwa. Pitisha kidole gumba juu ya chupa. Kizibo kiwe sawa na mdomo au kimezama kidogo. Kikiwa kimetuna, irudishe rafuni hata kama wamepunguza bei nusu. Beaujolais haina pa kuficha madhara. Zabibu zake, gamay, mara nyingi hutiwa pipani nzima nzima na kuanza kuchachuka ndani ya punje zenyewe, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo na raha yake yote ni ladha ya matunda yaliyochumwa punde. Joto likishayala matunda hayo, umenunua chupa tu.

Namba moja kwangu ni Morgon, Beaujolais ya eneo lenye jina hilo, ya mtengenezaji Marcel Lapierre, na upendeleo wangu siufichi. Mzee alifariki 2010, familia inaendeleza kazi palepale Villié-Morgon. Salfa, dawa ya kuhifadhi divai, wanaweka kidogo mno, pengine hawaweki kabisa, hivyo joto huidhuru upesi. Inunue kwa mwenye chumba cha baridi usiku na mchana, si kwa yule anayezima kiyoyozi akishafunga duka. Iandalie bata wa kuoka au uyoga uliokaangwa kwa siagi.

Ya pili, Fleurie, Beaujolais ya kijiji chenye jina hilo, ya Georges Duboeuf. Laini, haina makuu, na kuku wa kuoka na kitunguu saumu humwelewa vizuri. Hata changu wa kuchoma anakubali, maana divai nyekundu yenye ukakasi mwingi ikikutana na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni, na hii haina tabia hiyo. Mbuzi choma mwenye pilipili kichaa mtafutie kinywaji kingine.

Beaujolais-Villages ya Louis Jadot ni ya tatu: ya pizza na soseji, basi. Lyon, mji ulio kusini mwa mashamba hayo, Beaujolais hunywewa na soseji kavu, ikimiminwa kutoka chupa ya kitako kinene yenye sentilita 46.

Zote zipoze hadi nyuzi 12 au 14. Najua mtaniambia divai nyekundu haitiwi friji. Hiyo kanuni ya "joto la chumbani" ni ya nyumba za mawe za Ulaya, si ya sebule ya Kinondoni mwezi wa pili. Iache kwenye friji mpaka ifike hapo, halafu mimina.

Ya mwisho ni Beaujolais Nouveau, yaani divai changa ya mavuno ya mwaka huohuo, na hapa ndipo wauzaji wanaponichefua. Divai hii hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na imetengenezwa inywewe ndani ya miezi. Sasa nenda kaangalie mwaka kwenye lebo huko madukani. Nimeikuta ya miaka mitatu nyuma, imesimamishwa chini ya taa kali, bei imepandishwa juu ya ile mpya, na kijana wa kaunta ananieleza kwa kujiamini kwamba ya zamani ndiyo tamu. Hata ingekuwa nzuri, kwa bei ile ungeongeza kidogo ukapata Fleurie. Uliza ilifika lini na ilihifadhiwa wapi. Akianza kukusifia lebo badala ya kujibu, hilo duka lipite.