Dungusi la 40,000: mmea nyota tano, chungu nyota moja

Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, sindano hazinitishi. Ndiyo maana mwaka juzi, nilipotaka kitu cha kijani cha kupendezesha kaunta, niliacha maua ya plastiki nikachukua dungusi la mviringo, lile lenye miba ya rangi ya dhahabu. Nilinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, jina nalihifadhi. Alianzia 55,000, tukavutana mpaka 40,000. Ukubwa wake ni kama nazi iliyofuliwa. Nikatoa futi yangu kwenye pochi nikalizungushia kwa tahadhari: sentimita 38.

Lilipendeza, sisemi uongo. Chungu cheupe cha kauri, mawe meupe juu ya udongo, na utosini kiua chekundu. Kaka muuzaji akanipa na masharti: "Dada, hili halisumbui. Weka popote, hata chooni. Kijiko kimoja cha maji kila siku, basi."

Nikalitunza hivyo hivyo, pale kaunta, mbali na dirisha. Baada ya miezi mitatu mama mkwe alikuja kutoka Tanga, akakaa dukani nusu saa, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, hili dungusi lako linanuka." Kweli, upande wa chini lilikuwa limegeuka rangi ya chai na kuanza kuinama. (Baadaye nilikuja kusoma kwamba Wazungu hulipa jina la kiti cha mama mkwe. Hilo sijamwambia.)

Kulitoa ndiko kulikonifunza mengi. Khanga haifai, miba inapenya. Nililizungushia kipande cha zulia kuukuu. Yale mawe meupe hayakunyanyuka. Yalikuwa yamebandikwa kwa gundi, bamba zima! Nikaligonga kwa bisibisi. Chini yake udongo ulikuwa kama uji, kwa sababu lile bamba halikuruhusu ukauke, na chungu chenyewe hakikuwa na tundu hata moja. Kwa hiyo kila kijiko nilichomwaga kilibaki humo humo miezi mitatu. Na kiua nacho kilikuwa cha gundi. Dungusi hili likifika umri wa kutoa maua, ambao ni miaka mingi sana, hutoa ya njano, si mekundu.

Nilikata mizizi yote iliyokuwa nyeusi (kwa mkasi wa jikoni, wa kitambaa haugusi mizizi hata kwa bunduki), nikaliacha bila udongo juu ya rafu siku saba mpaka kidonda kikakauka. Kisha nikalipanda kwenye chungu cha udongo wa mfinyanzi chenye tundu, chenye upana wa kuzidi dungusi vidole viwili tu. Mchanganyiko wangu: nusu mchanga mkubwa wa mtoni na kokoto ndogo, nusu udongo wa kawaida. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Maji sasa namwaga mengi mpaka yatoke chini, halafu nasahau. Kijiti cha mshikaki nakichomeka mpaka chini. Kikitoka na unyevu, sirudii. Wakati wa joto inafika wiki mbili. Masika, kwa unyevu huu wetu wa Dar, niliwahi kukaa wiki tano bila kulipa tone. Lile umbo lake la mikunjo kama sketi ya marinda ndiyo siri yenyewe: likinywa mikunjo inafunguka, likiwa na kiu inabana. Ukilizoea unalisoma kwa macho.

Jua nalo linataka hasa, wala si mwanga wa chooni. Nililihamishia dirisha la mashariki, lakini nilifanya haraka, siku ya kwanza tu nikaliweka juani asubuhi nzima. Likaungua, likabaki na doa jeupe upande mmoja ambalo halitafutika. Lisogeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Muuzaji aliniambia linatoka jangwa la Turkana. Hapana. Kwao ni Mexico, kwenye majimbo kama Querétaro na Hidalgo, na porini yamebaki machache. Bwawa la Zimapán lilifunika sehemu ya makorongo yalikoota, na watu nao waliyachimba kwenda kuuza. Haya ya vitaluni huoteshwa kwa mbegu, kwa hiyo kulinunua si dhambi.

Kama una mtoto anayetambaa, weka juu. Mwiba wake si laini kama wa mpungate unaojificha kwenye ngozi, unauona na unautoa kwa kibano, ila unauma.

Wiki iliyopita nimelipima tena: sentimita 41. Mwaka mmoja na nusu, sentimita tatu! Asiye na subira anunue mnanaa.

Nilirudi pale kitaluni kuchukua la pili la kumpelekea wifi. Nikamwonyesha kaka picha ya lile bamba la mawe. Akacheka, akasema wateja wanapenda yasimwagike. Nikamwambia anitolee moja lililo kwenye mfuko mweusi wa plastiki, bila mawe, bila kiua. Akashusha mpaka 22,000, akauliza, "Na chungu, dada?"

"Funga kwenye gazeti."