Uzoefu wangu: Impreza WRX ya 2004 ilipofunguliwa mbele kukaguliwa mkanda wa taimingi na beringi

Huduma ninayoizungumzia ni ukaguzi tu, si matengenezo. Kuna gereji Shimanzi, hapa Mombasa, inayotoza ukaguzi wa mbele ya injini za Subaru kwa bei yake peke yake, halafu uamue mwenyewe kama utatengeneza kwao au kwengine. Ngazi ni mbili. Ya shilingi 1,500, wanafungua kava la kushoto, wanamulika mkanda kwa tochi, basi. Ya shilingi 5,000, feni zinatoka, mikanda ya nje inatoka, puli ya krenki (shafti kuu ya injini) inatoka, makava yote yanatoka, mkanda wenyewe unavuliwa na kila kinachozunguka kinashikwa kwa mkono. Nililipia hiyo ya pili, na laiti ningelipia ya kwanza ningerudi nyumbani nimeambiwa gari ni zima.

Gari ni WRX ya GDA (namba ya bodi), injini EJ205 yenye turbo, iliyoingia nchini mwaka 2011. Kwa nini mtu anang'ang'ania gari la umri huo, Wakenya hatuelezani. Colin McRae aliichukua Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akaichukua ya 2000 kwa Impreza, na tangu hapo maradhi haya hayajapata dawa. Mita yangu inasoma kilomita 138,000 na kidogo.

Kwa asiyezijua injini hizi: EJ205 haina cheni, ina mkanda wa mpira. Mkanda mmoja mrefu unaendesha kemshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu, na pampu ya maji, na njiani unapita kwenye puli tatu za kuuongoza, mbili laini na moja yenye meno, na puli ya tenshona, kile kifaa kinachoukaza. Ukihesabu, hapo kuna beringi tano: tatu za puli, moja ya tenshona, moja ya pampu. Yoyote kati ya hizo ikifa, mkanda unatoka au unaruka meno hata kama ulikuwa mpya wa jana. Na hii ni injini ambayo taimingi, yaani mpangilio wa valvu na pistoni kwenda pamoja, ikipotea, valvu na pistoni zinagongana. Huko hakuna tena habari ya mkanda, ni kushusha injini, kung'oa vichwa na kuhesabu valvu zilizopinda.

Aliyeniuzia alikuwa na uhakika. Alifungua boneti akanionyesha kibandiko cha Kijapani chenye tarakimu 23.2.8 na kilomita 71,000, akasema, "Mkanda umebadilishwa 2023, ushahidi huu hapa." Fundi mkuu wa Shimanzi, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alikitazama kile kibandiko akacheka.

"Hii si elfu mbili ishirini na tatu, mwanangu. Wajapani wana mwaka wao."

Na kweli. Gereji za Japani hubandika karatasi kama hiyo baada ya kubadilisha mkanda, na nyingi huandika mwaka kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 23 ni 2011. Mkanda ulibadilishwa kwao, muda mfupi kabla gari halijapandishwa meli. Kilomita 67,000 tangu hapo si nyingi, kwani Japani wenyewe huhesabu 100,000 kabla ya kubadilisha. Lakini umri ni hesabu nyengine: Subaru kwa soko la Marekani huandika maili 105,000 au miezi 105, kinachotangulia. Miezi 105 haifiki miaka tisa. Na mkanda hauhesabu kilomita, unahesabu mizunguko. Gari lililokuwa likisubiri feri ya Likoni injini ikinguruma ili AC isizimike limeuzungusha mkanda wake saa na saa bila mita kusogea.

Kilichonipeleka pale hasa ni mlio. Mwembamba, wa kusaga, unapanda na injini ikipanda, unasikika zaidi asubuhi. Gereji nyengine mjini, ambayo sitaitaja, ilifungua kava la kushoto, ikauona mkanda una meno yote, ikaniambia ni beringi ya altaneta. Mzee wa Shimanzi alianza na jambo rahisi: alivua mikanda ya nje, ule wa altaneta na pawa stiringi na ule wa AC, akawasha injini kwa muda mfupi tu. Pampu ya maji ya EJ huendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo maji yanaendelea kuzunguka. Mlio ukabaki vile vile. Akaegemeza bisibisi ndefu kwenye kava, mpini sikioni, akaisogeza polepole, kisha akanipa nami nisikilize. Upande wa chini, karibu na pampu, palikuwa na mkwaruzo usiohitaji masikio ya fundi. Altaneta ikasamehewa.

Makava yalipotoka nilitazama mkanda kwanza, kama kila mtu anavyofanya. Na kusema kweli haukuwa na sura mbaya. Maandishi yamefutika, mgongo unang'aa kidogo, kingo hazijachanika, hakuna jino lililokosekana. Mzee aliangalia mzizi wa meno, mahali ambapo nyufa huanzia, akakuta vijistari vidogo vichache. Alinieleza kwamba mikanda ya siku hizi haipasuki waziwazi kama ile ya zamani, inaweza kuchoka huku sura yake imetulia, ndiyo maana hamwamini fundi anayetoa hukumu kwa tochi. Alipitisha kidole nyuma ya puli za kemshafti na ya krenki kutafuta oili, kwa sababu sili ikivuja oili hulowesha mkanda na kuula mpira. Kulia pakavu. Kushoto, kemshafti moja ilikuwa na unyevu.

Kisha zikaja beringi, na hapa ndipo pesa yangu ilipopata thamani yake.

Mkanda ukishatoka, kila puli inazungushwa kwa kidole. Mimi nilidhani puli nzuri ni ile inayozunguka sana, na wengi tunadhani hivyo. Ni kinyume. Beringi hizi zimefungwa na grisi ndani. Ikiwa grisi ipo, puli inazunguka kwa uzito kidogo, kimya, halafu inasimama. Puli laini ya kwanza ilikuwa hivyo. Ya pili ilizunguka kama pia ya watoto, haitaki kusimama, na ndani inanong'ona mluzi mkavu. Grisi imekwisha. Ya tatu, ile yenye meno iliyo karibu na pampu ya maji, ilikuwa mbaya zaidi. Ukiishika pembeni na kuitikisa unahisi inacheza, na ukiizungusha taratibu kuna mahali inakwama kidogo kisha inaendelea. Mzee aliniwekea mkononi bila kusema kitu. Wanaozijua EJ wanaitaja puli hii mara kwa mara kuwa ndiyo huwahi kufa, na ukiiona ilipo haishangazi.

Hapo ndipo kibandiko kilipoeleweka vizuri. Kiliandika mkanda, hakikuandika puli. Mafundi wa Japani walivisha mkanda mpya juu ya beringi za 2004 na gari likaja hivyo.

Pampu ilikuwa haichezi, ila kwenye tundu lake dogo la kuvujia kulikuwa na alama ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Tenshona ilipimwa kwa urefu wa kijiti kinachochomoza, ambao hutakiwa kuwa kati ya milimita 5.2 na 6.2, na ilikuwa ndani ya kipimo, haina oili nje. Kurudisha kijiti ndani walitumia presi ya wima, polepole, dakika tatu na zaidi, kama kitabu cha Subaru kinavyotaka. Nimeona gereji wakikikandamiza kwa pupa wakaharibu sili ya ndani, kisha wakalaumu spea.

Kuhusu alama za taimingi, zile za kulinganisha wakati wa kurudisha mkanda, niseme kidogo tu, maana ndipo mafundi wa kubahatisha hupotea. Kwenye gia ya krenki kuna mshale wa kuvutia macho, na si huo. Alama ya kweli ni mfuo mdogo ulio kwenye ukingo wa nyuma. Ukilinganisha kwa mfuo huo, pistoni zote zinakuwa nusu ya njia na valvu hazizigusi. Hatari inabaki kwa kemshafti za kushoto: springi za valvu zinazisukuma, ukiziachia zinaruka, na valvu zenyewe kwa zenyewe zinaweza kugongana. Mzee aliweka vijana wawili pale, mmoja kazi yake ni kuzishika tu.

Sasa lawama. Ukaguzi wa 5,000 unaitwa ukaguzi, lakini mkanda ukishavuliwa kwenye gari la umri huu, nani ataurudisha ule ule? Kwa hiyo usilipie ngazi ya pili kama hujaweka kando pesa ya seti kamili ya spea. Utabaki na gari juu ya jeki. Pili, pesa ya ukaguzi haikukatwa kwenye ufundi hata nilipoamua kutengeneza kwao, ingawa kazi ya kufungua ilikuwa imeshafanyika. Niliuliza, nikajibiwa kwa heshima kwamba ndivyo bei ilivyo. Tatu, matokeo nilipewa kwa mdomo na kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Karatasi yenye orodha, beringi hii nzima, hii mbovu, ingenisaidia siku ya kuuza. Picha nilipiga mwenyewe.

Spea walikubali nilete zangu, na hili ninalipa alama kubwa. Nilichukua seti ya Aisin, mkanda wake umeandikwa Mitsuboshi na puli zina chapa za Koyo na NTN. Mzee alizikagua kabla ya kufunga: alisoma maandishi kwenye ukingo wa beringi, akazizungusha zote, akalinganisha uzito na zile za zamani mkononi. Beringi bandia ziko nyingi sokoni na boksi zuri halithibitishi kitu. Sili za kemshafti na ya krenki tulibadilisha hapo hapo, kwani bei yake ni ndogo na kufungua upya ni kazi ile ile. Bolti ya krenki alifunga kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nimelitaja hilo kwa sababu si kila gereji inayo.

Mlio umekwisha. Nimekwenda nalo Nairobi na kurudi, joto la Mtito Andei na malori ya Mlima wa Mazeras, sindano ya temperecha haikutikisika.

Wenye Forester za injini ya FB au WRX za FA20, huduma hii haiwahusu, zenu ni cheni. Wenye EJ, ombeni ngazi ya pili kwa jina lake, semeni mnataka puli ya krenki itoke, na msiende Jumamosi maana siku hiyo hawaanzi kazi ya kufungua mbele.