Magurudumu na Habu za Baiskeli ya Milimani kwa Mwendeshaji Mzito: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu mwenye uzito wa kilo 100 au zaidi akiulizia gurudumu imara la baiskeli ya milimani, mara nyingi huelezwa kwanza jina la kampuni na wepesi wa gurudumu lenyewe. Mambo hayo mawili hayamsaidii sana. Yanayomhusu ni idadi ya spoki na jinsi zilivyokazwa, kisha ekseli ya habu (kitovu cha gurudumu), kisha ringi (duara la nje linaloshika tairi), na ayaulizie kwa gurudumu la nyuma kabla ya la mbele, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wake na ndilo linalopokea nguvu ya cheni anapopanda mlima.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini spoki hukatika, maana wengi hudhani kwamba huvutwa hadi zikashindwa. Kwa kawaida sivyo ilivyo. Kila spoki inapopita chini, karibu na ardhi, mvuto wake hupungua, na ikishapita hurudi kukazika kama ilivyokuwa. Gurudumu la inchi 29 huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilomita, kwa hiyo kila spoki hulegea na kukazika idadi hiyo hiyo ya mara. Kama ilikazwa vya kutosha tangu mwanzo, mabadiliko hayo haiyahisi sana. Kama ilikazwa kidogo, uzito wa mwendeshaji huilegeza kabisa, nayo hucheza kwenye kona yake pale inapoingia katika habu, mpaka chuma kikachoka na kukatika hapo hapo. Ndiyo maana ringi ya gharama kubwa iliyofungwa ovyo hukata spoki, wakati ringi ya wastani iliyofungwa na fundi makini hudumu miaka.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa gurudumu lililofungwa kwa mkono, lenye spoki 32 au 36 zilizopishanishwa mara tatu (kila moja ikikatiza nyingine tatu), ringi ya kuta mbili na habu yenye ekseli nene ya kupenya, yaani inayopita ndani ya habu na kufungwa kwenye fremu. Kutoka spoki 32 hadi 36 ni ongezeko la asilimia 12.5, na uzito unaoongezeka ni gramu chache tu. Mwendeshaji wa kilo 120 hana sababu ya kuzikataa spoki hizo nne iwapo ringi na habu za matundu 36 zinapatikana. Zikiwa hazipatikani, 32 zilizokazwa vizuri zinatosha watu wengi.

Katika spoki zenyewe kuna jambo linalowashangaza wanunuzi: iliyo nene mwanzo hadi mwisho siyo imara kuliko zote. Spoki yenye milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati hunyumbuka kidogo katikati, hivyo kona yake haipati mateso yote peke yake. Kwa mtu mzito sana, chaguo ninalolipenda ni spoki ya unene wa aina tatu, kama DT Swiss Alpine III, yenye milimita 2.34 kwenye kona, 1.8 katikati na 2.0 kwenye nyuzi. Nipeli, yaani nati ndogo zinazofunga spoki kwenye ringi, ziwe za shaba. Za alumini ni nyepesi zaidi, lakini huliwa na kutu na kona zake huvunjika zinapokazwa baada ya muda mrefu.

Kwa upande wa habu, ganda lake hupasuka mara chache. Kinachoshindwa ni ekseli, beringi na racheti (sehemu inayoshika unapokanyaga pedali na kuachia unapoacha). DT Swiss 350 ndiyo ningeitanguliza, kwa kuwa racheti yake ni pete mbili zinazotazamana, na meno yote hushikana kwa wakati mmoja badala ya nguvu yote kubebwa na ndimi chache. Inafuatwa na habu za Hope zinazotengenezwa Barnoldswick, Uingereza, ambazo beringi na vipuri vyake vidogo hubadilishwa bila taabu kubwa. Katika zote mbili, ulizia sehemu inayobeba kaseti (rundo la gia za nyuma) imetengenezwa kwa metali gani. Miguu yenye nguvu huyasukuma meno ya kaseti mpaka yakachimba alumini, na kuitoa kaseti hiyo baadaye huwa kazi ya nyundo. Ya chuma ni nzito kidogo, lakini haichimbiki kirahisi.

Ekseli ya kupenya yenye kipenyo cha milimita 12 ni bora kwa mbali kuliko ile nyembamba ya kufunga kwa wenzo wa haraka. Fremu ikikubali habu ya nyuma ya upana wa milimita 148, ichukue hiyo kuliko ya 142, kwa sababu sahani zinazoshika spoki zimesogezwa nje milimita 3 kila upande na spoki zinaishikilia ringi kwa ulalo mpana zaidi. Fremu ndiyo inayoamua hapa. Pima kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili ni ya mwenye bajeti ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo inayoleta faida kubwa kwa kila fedha inayotumika: habu ya Shimano Deore ya matundu 32 au 36, ringi ya kuta mbili, na malipo ya fundi. Habu hiyo hutumia gololi na koni, hivyo inadai kufunguliwa, kupakwa grisi na kurekebishwa kila baada ya muda. Asiyeitunza, koni zitachimbika. Anayeitunza atakaa nayo muda mrefu.

Ya tatu ni magurudumu yaliyofungwa tayari kiwandani, mradi mtengenezaji ametaja kikomo cha uzito. Soma kikomo hicho kwa makini, kwani mara nyingi kinahesabu mwendeshaji, baiskeli na mizigo kwa pamoja: mtu wa kilo 115 juu ya baiskeli ya kilo 15, akiwa na mkoba wa kilo 5, tayari amefika 135. Mpe fundi ayakaze upya kabla ya safari ya kwanza, hata kama yanazunguka bila kuyumba, kwa sababu gurudumu linaweza kunyooka huku spoki zake zikiwa na mivuto tofauti kabisa.

Ya mwisho, ambayo ningemshauri mtu mzito aiache dukani, ni habu ya friwili (rundo la gia lenye racheti yake ndani) ya kufunga kwa nyuzi yenye gia saba au zaidi. Beringi yake ya kulia imekaa ndani, mbali na mwisho wa ekseli, na kipande kinachobaki nje bila kushikiliwa hupinda na hatimaye kukatika. Habu ya kaseti huisogeza beringi hiyo karibu na fremu. Magurudumu mepesi ya spoki 24 nayo yawekwe kundi hili.

Ukiwa dukani, inua utepe wa ndani wa ringi na utazame tundu la spoki. Kichwa cha nipeli kikiwa kimezama chini kabisa ya tundu, ringi ni ya kuta mbili. Kikiwa kimelala juu, chini tu ya utepe, ni ya ukuta mmoja, irudishe. Kisha gonga spoki za upande mmoja moja baada ya nyingine kwa ukucha: sauti zikaribiane. Upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma utatoa sauti ya chini kuliko wa kulia, na hilo ni la kawaida, ila spoki isiyolia kabisa imelegea na inapaswa kukazwa papo hapo.

Gurudumu la mbele linaweza kusubiri fedha zikipatikana. Likiwa na spoki 32 na ringi ya kuta mbili, likazwe tu na liendelee na kazi, huku bajeti yote ikielekezwa nyuma, pamoja na tairi pana la inchi 2.4 lililojazwa upepo wa kutosha ili ringi isigonge mawe.